Msiuze herufi za risasi kwa kilo, wengine bado tunazitafuta

Ndugu Mhariri,

Ningekuamkia ila nadhani mimi ndo mkubwa, kwahiyo habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wako wa barua maana kuna msomaji mwenzangu wa Morogoro aliandika hapa juzi juzi akiwasema watu wanaonunua vitabu vilivyopigwa chapa kwa mkono kwa bei ya mbuzi, eti kitabu chenyewe kurasa 16, picha hakina, na maneno yake yote unayapata bure kwenye simu. Akamalizia kwamba hayo ni mambo ya wazungu wasio na shida na mwafrika akiyafanya anajishaua tu. Nilivyosoma nikacheka peke yangu barazani mpaka mjukuu akatoka kuangalia kulikoni. Manake huyo mwafrika anayejishaua ndo mimi. Ninavyo 41, viko kwenye sanduku la bati chini ya kitanda, na mama watoto ana maoni yale yale ya ndugu wa Morogoro, tofauti ni kwamba yeye kaanza kuyasema zamani zaidi.

Sitaki ugomvi nae. Kuna sehemu yuko sahihi kabisa na nitaifikia, ila kwanza anisikilize.

Mi nilianza kazi ya chapa Dar mwaka 1978, mtaa wa Gerezani, kwenye kiwanda kidogo cha mtu binafsi, jina naliacha. Tulikuwa tunapiga kadi za harusi, vitabu vya risiti, tiketi za mabasi, kalenda za maduka, mambo hayo. Kwa vijana ambao hawajawahi kuona niseme tu kwamba zamani herufi ilikuwa kitu cha kushika, kipande cha risasi iliyochanganywa na bati na antimoni ili iwe ngumu, kimo chake milimita 23 na kidogo kuanzia mguuni mpaka usoni, na zote lazima zilingane, moja ikizidi inatoboa karatasi, ikipungua haitokei. Unasimama mbele ya trei yenye vyumba vyumba, mkono wa kushoto umeshika kile kibao cha chuma cha kupangia mstari, wa kulia unaokota herufi moja moja, na unazisoma kinyume kama kwenye kioo. Nilikaa miezi mitatu nalia kimoyomoyo ndo mkono ukazoea. Mpaka leo yale maandishi ya kugeuza kwenye pua ya gari la wagonjwa nayasoma moja kwa moja bila kufikiri. Na jioni tunapewa maziwa nusu lita kila mtu, tuliambiwa yanatoa sumu ya risasi tumboni, sidhani kama yalitoa kitu ila nani anakataa maziwa ya bure.

Sasa zile trei zilikuja zimepangwa kwa ajili ya kiingereza. Chumba cha e ni kikubwa kuliko vyote, chumba cha k ni kama cha kuwekea karanga mbili, maana muingereza k haitumii sana. Haya sasa wewe njoo upange kiswahili. Kwa kuwa, kaka, kukaa, kikakamilika, wakawakuta. Hujafika nusu ukurasa k zimekwisha, w zimekwisha, a ndo usiseme, halafu e zimejaa pale zinakutazama tu. Tulikuwa tunapanga nusu ukurasa, tunaipiga, tunabomoa, tunarudisha herufi kwenye trei, tunapanga nusu iliyobaki. Fundi wetu mkubwa, mzee mmoja wa Kigamboni Mungu amrehemu, mteja akileta tangazo lake alikuwa anahesabu kwanza k ndo anataja bei.

Halafu ofseti ikaja, mashine ya chapa isiyohitaji herufi za risasi. Bosi alinunua moja ya mtumba, mafundi wa risasi tukaambiwa tusubiri, na kusubiri kwenyewe mnakujua. Herufi zikamwagwa kwenye viroba zikauzwa skrepa kwa kilo, bei sawa na betri mbovu za magari. Nilibeba viroba vile mwenyewe mpaka kwenye mkokoteni, na sikusikia uchungu wowote siku ile, nilikuwa nawaza nauli ya kurudi Tanga.

Uchungu ulikuja baadae sana. Nishahamia Muheza, siku moja niko Tanga mjini pale Deep Sea nasubiri samaki, namuona mvuvi anafunga mshipi wake na chubwi, ile risasi ya kuzamishia ndoano, halikuyeyuka vizuri, pembeni imebaki sura ya herufi, g ndogo na mkia wake, safi kabisa. Nikamuuliza umeitoa wapi hii, akasema risasi tunanunua kwa wauza skrepa mzee wangu tunayeyusha wenyewe kwenye kopo. Nikamuomba anipe. Akaniuzia. Ninayo mpaka leo ipo kwenye sanduku pamoja na vitabu.

Naeleza hivyo ili muelewe kwanini nilishtuka binti yangu aliponitumia mkasa wa Hammersmith, mtaa mmoja wa London. Yeye ni nesi huko London, na anajua baba yake anapenda habari za chapa, siku moja akapita kwenye nyumba ya Emery Walker ambayo siku hizi watu wanaingia kuitembelea, akanipigia picha na kunisimulia kwenye wasapu kwa sauti, dakika kumi na moja bila kupumua.

Yani kulikuwa na wazee wawili, huyo Walker na mwenzake T. J. Cobden-Sanderson, wakaanzisha chapa yao binafsi mwaka 1900 wakaiita Doves. Mashine za mkono, mafundi wachache, na herufi za aina moja tu waliyochongewa wao wenyewe, kwa kuiga herufi za Nicolas Jenson aliyekuwa akipiga chapa Venice kwenye miaka ya 1470. Hakuna maua maua wala michoro, ni herufi na karatasi tupu nyeupe pembeni. Biblia yao ilitoka kati ya 1903 na 1905, juzuu tano, na ukurasa wake wa kwanza una herufi I moja ndefu nyekundu inashuka kutoka juu mpaka chini ya ukurasa mzima kama mlingoti wa jahazi. Mimi nimepanga kurasa maelfu na nawaambieni ukiona picha ya ule ukurasa unajisikia vibaya kwa kazi zako zote za nyuma.

Sasa hawa wazee wakagombana, ushirika ukavunjika 1909, wakakubaliana kwamba Cobden-Sanderson atumie herufi mpaka afe halafu ziende kwa Walker. Mzee akaona kuliko zile herufi ziangukie mikononi mwa mwenzie zikapigiwe upuuzi kwenye mashine za injini, bora zife. Alianza na zile kalibu za kutengenezea herufi, akazitupa 1913. Halafu kuanzia Agosti 1916 mpaka Januari 1917, mzee wa miaka 75 anayekwenda 76, usiku usiku, vita ya kwanza imepamba moto huko Ulaya, anatoka na mzigo wake chini ya koti anatembea mpaka daraja la Hammersmith anatupa mto Thames. Safari kama 170. Zaidi ya tani moja ya herufi ilizama. Mwenyewe kafa 1922, mjane wake akabaki na kesi. Na zilikaa mle mtoni mpaka 2014 ndo bwana mmoja fundi wa herufi anaitwa Robert Green akaenda kutafuta ukingoni, akaokota chache, akaleta wapiga mbizi wa mamlaka ya bandari ya London, zikapatikana 150. Tani nzima, 150.

Niliisikiliza ile sauti mara tatu. Mzee yule alizizamisha kwa wivu, anajua anachofanya, anaogopa polisi wasimuone. Sisi tumezizamisha bahari ya Hindi mchana kweupe zikiwa chubwi na hakuna aliyegeuka kutazama.

Basi nikamwambia binti nitafutie kitabu kimoja tu kilichopigwa kwa risasi siku hizi, na mtu mwenye mashine yake mwenyewe, sio kampuni. Nilidhani hawapo. Kumbe wapo wengi tu, Uingereza, Marekani, Ujerumani, mtu ana kazi yake nyingine, au kastaafu, ana banda nyuma ya nyumba, ndani kuna mashine ya chuma iliyonusurika na skrepa na trei kumi ishirini za herufi, anapanga mwenyewe, anapiga mwenyewe, anashona mwenyewe kwa sindano na uzi, nakala 60 au 100 au 150, zikiisha anavunja ukurasa herufi zinarudi kwenye trei na ndo basi tena. Wana minada yao na maonesho yao, lile la Oxford binti alienda akapotea siku nzima.

Kile kitabu cha kwanza kilinifikia ndani ya bahasha, chembamba kama daftari la kuanzia darasa la kwanza. Ukurasa wa mwisho kabisa, na hapo ndo pa kuanzia kusoma kitabu cha namna hii, pameandikwa herufi gani imetumika, karatasi imetoka kinu gani, mashine gani, zimepigwa nakala 90, hii ni ya 43, na namba 43 imeandikwa kwa mkono kwa kalamu. Nilipitisha kidole. Ukifumba macho unazisikia herufi, karatasi imebonyea kidogo, na karatasi yenyewe imetengenezwa kwa pamba, kingo hazijakatwa zina manyoya manyoya. Mama watoto akauliza mbona wamekuletea kibovu hakijakatwa.

Hapa kuna ugomvi mdogo wa kifundi naomba niuingize maana umenikaa rohoni. Sisi tulifundishwa kwamba kubonyeza karatasi ni uchafu. Herufi ibusu karatasi tu, wino ukae, ukigeuza nyuma usione kitu, ukibonyeza sana fundi mkuu anakupiga kofi kwa sababu unaua herufi, risasi ni laini, inachakaa. Wapiga chapa wengi wa siku hizi wao wanabonyeza makusudi, kwasababu mnunuzi anataka asikie kwa kidole kwamba hiki sio cha kompyuta, kadi za harusi huko Marekani zinabonyezwa mpaka unaweza kuweka uji. Mimi nina vyote viwili, vya kubusu na vya kubonyeza, na nasema wazi fundi anayejua kubusu ndo fundi. Wenye kupinga waandike, ukurasa ni wa Mhariri.

Na msidhani nimejifunza ukusanyaji kwa akili. Kitabu changu cha tatu, nakala 75 tu duniani, jalada lilianza kuachia uzi nikakipeleka kwa mfunga majalada mmoja mjini, simtaji, akanishonea vizuri tu, halafu kwa roho nzuri kabisa akakiweka kwenye gilotini akakata kingo zote tatu zikanyooka kama daftari la serikali. "Nimekusafishia mzee, sikuongezei bei." Nilikaa kwenye benchi lake kama dakika tano sijui niseme nini. Nikamshukuru, ningefanyaje. Siku hizi uzi ukiachia nashona mwenyewe.

Nije kwa ndugu wa Morogoro na hoja yake ya uzungu. Hapo kaka amekosea kabisa. Chapa ndogo za risasi zilikuwepo kwetu kabla hao wa Hammersmith hawajawaza kufungua duka. Pale Mkunazini Zanzibar, kwenye lile kanisa lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, kuna kaburi la askofu Edward Steere nyuma ya madhabahu. Alifika Unguja 1864 na kazi ya chapa alikuwa anaijua kwa mikono yake, na waliokuwa wakifundishwa kupanga herufi ni vijana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa. Mtoto katolewa utumwani jana, leo anapanga kiswahili kinyume kwenye kibao cha chuma. Mwaka 1867 walitoa hapo hapo Unguja kijitabu cha maneno ya kisambaa, na mama yangu mimi ni Msambaa, kwahiyo mtu akiniambia hizi ni habari za wazungu namuuliza mzungu gani anaongea kisambaa. Huyu William Morris ambaye wakusanyaji wa Ulaya wanamuona ndo baba yao, chapa yake ya Kelmscott alianzisha 1891. Hesabu mwenyewe miaka.

Na sultani Barghash nae hakubaki nyuma, akaweka matbaa yake Zanzibar, herufi za kiarabu, vikatoka vitabu vya sheria na dini vya Kiibadhi vikavuka mpaka Oman. Chapa ya mtu na pesa zake mwenyewe, anachapa anachokipenda yeye, kama hiyo sio chapa binafsi sijui binafsi ni ipi. Njoo Tanga, shule ya serikali enzi za mjerumani, ndipo gazeti la Kiongozi lilipopigwa, mwanzoni mwa miaka ya 1900, na watu wetu walijifunza kazi hii palepale. Baadae ndo wamisionari kila kona, Vuga huko Lushoto, Peramiho, Ndanda, Kipalapala Tabora. Nani wa umri wangu hakusoma kitabu cha Peramiho au Ndanda? Hata zile noti za vita za mjerumani, 1917 walipozidiwa huko porini, zilipigwa kwa seti ya mihuri ya kuchezea watoto, na leo ziko kwenye albamu za watu Ulaya wanazipenda kama roho zao.

Hivi ndo ninavyowaambia vijana wanaoniuliza wataanzia wapi na hawana pesa. Achana na Kelmscott. Kile kitabu kikubwa cha Morris cha mashairi ya Chaucer kilichokamilika 1896, nakala 425 za karatasi na 13 za ngozi, mimi na wewe hatutakishika labda tukiwa walinzi wa maktaba. Wewe anzia kwenye sanduku la bibi. Kitabu cha nyimbo, katekisimu, masomo ya hesabu, kalenda ya parokia. Geuza ukurasa uupitishe kwenye mwanga kwa mshazari, kama umepigwa kwa risasi utaona vivimbe kwa nyuma. Ukiwa na lenzi, hata ya simu, angalia ukingo wa herufi, wino wa risasi unasukumwa pembeni unafanya kama mstari mweusi zaidi kuzunguka herufi, ofseti haina hiyo. Halafu tafuta makosa, na haya ndo raha yangu mimi. Herufi n iliyosimama kwa kichwa ikawa u. Hiyo sio kosa la tahajia, ni kidole cha fundi fulani, usiku, taa ya chemli, ameiokota n akaiweka miguu juu. Nina kitabu kimoja cha sala hakina jalada wala kurasa nne za kwanza kina n za namna hiyo saba. Nilikinunua kwa wale wauza vitabu vya chini barabarani kwa bei ya soda mbili, na sikibadilishi na kile cha nakala 90.

Ila tafadhali, kama kitabu kina muhuri wa maktaba au wa parokia, uliza kwanza. Kuna watu wanajiita wakusanyaji kumbe ni wezi wenye miwani.

Na kama unataka vya hao wa ng'ambo, njia ya maskini ipo pia. Mpiga chapa kabla hajatoa kitabu anapigaga kikaratasi cha kukitangaza, kwa herufi zile zile na karatasi ile ile, kinasema kitabu kitakuja bei yake kiasi hiki. Mwandikie kwa adabu, mwambie wewe ni nani na unatokea wapi, muombe hicho kikaratasi. Mimi nimewaandikia wengi na waliojibu wengi wametuma bure, mmoja alikuwa hajui kama Muheza ni mtu au mahali lakini alituma. Vile vikaratasi navyo ni mkusanyo, vinakaa bahasha moja. Ukija kununua, nunua kwa mpiga chapa mwenyewe, maana pesa yako inakwenda kwenye wino na risasi, sio kwa dalali anayesubiri fundi afe ili apandishe bei.

Kutunza ni vita nyingine, hasa sisi wa pwani. Unyevu ndo adui, mchwa wa pili, mende wa tatu kwasababu gundi ya wanga kwake ni ugali. Mi natumia sanduku la bati limeinuliwa kwa matofali, ndani naweka vile vipakiti vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya, mtaani wananijua, mtu akinunua viatu ananiletea. Kila mwezi nafungua navipunga hewa asubuhi kivulini. Msitie selotepu, nawaombeni, selotepu inakuwa kahawia na inakula karatasi. Na msipeleke laminesheni. Kuna mama mmoja alinionesha kwa fahari cheti cha ubatizo cha babu yake, kazi nzuri ya risasi, kimeshalaminetiwa kinang'aa kama menyu ya hoteli, nikasema hongera mama.

Sasa pale ndugu wa Morogoro alipo sahihi. Alisema vitabu hivi havisomwi. Ni kweli, na inaniuma. Wengi wa hawa wapiga chapa wa mabandani wanapiga mashairi yale yale ya marehemu wale wale, karatasi ya bei mbaya, nakala 50, vinanunuliwa na watu 50 wanaofahamiana, vinaingia kabatini. Nami ninavyo vya hivyo kama sita ambavyo nikisema nimevisoma nitakuwa nadanganya, nimevipapasa tu. Haikuwa hivyo siku zote. Yule mama mwandishi wa Uingereza, Virginia Woolf, na mumewe Leonard walinunua kimashine cha mkono 1917 kwa paundi 19 hivi wakakiweka kwenye meza ya kulia chakula huko Richmond, wakajifunza kwa kijitabu cha maelekezo, kitabu chao cha kwanza nakala 150, na humo walipiga walichoandika wenyewe, kipya, ambacho mtu alikuwa hajawahi kukisoma popote. Na kule Dublin kina dada wawili wa familia ya mshairi Yeats, Elizabeth na Lily, waliendesha karakana yao Cuala kwa mikono ya wasichana tu, na walikuwa wanapiga maandishi ya watu wao wenyewe walio hai. Nikisoma hiyo nakumbuka wasichana wa kwetu Gerezani waliokuwa wanakunja na kushona, wepesi kuliko mashine, na hakuna hata mmoja aliyefundishwa kupanga herufi, tuliambiwa kazi ya risasi ni ya wanaume. Ujinga mtupu.

Kwahiyo hoja yake nimeichukua, na nimefanya kitu. Mwaka jana shule moja huko juu ilikuwa inasafisha stoo, wakakuta Adana, kile kimashine cha mezani cha kukandamiza kwa mkono, kinachukua ukurasa wa inchi 8 kwa 5, kina kutu mpaka kwenye jina, pamoja na trei tatu za herufi za ukubwa wa pointi 12 zilizojaa kinyesi cha panya. Mwalimu alishaita watu wa skrepa. Nilifika kabla yao kwa pikipiki, na bei niliyolipa siitaji hapa maana gazeti hili mama watoto analisoma. Nimekaa miezi minne nakwangua kutu, rola nimezitengenezesha upya, wino nimepata wa ofseti unafanya kazi ukiupunguza makali. Mjukuu wangu wa kike, darasa la sita, tayari anasoma kinyume vizuri kuliko nilivyokuwa nasoma mimi baada ya miezi mitatu.

Tunapanga kitabu cha samaki wa Tanga. Kurasa 12, nakala 40, majina ya samaki kama wavuvi wa Deep Sea wanavyoyataja na msimu wake na namna wanavyopenda kuliwa, yule mvuvi wa chubwi ndo amenisimulia nusu yake, na nakala namba moja ni yake. Ukurasa wa changu na tasi tumeshaupiga, umetoka vizuri, nimeubusu tu sikubonyeza.

Tumekwama ukurasa wa tatu. Ni wa kolekole, kibua, kikande na mkunga. Nimehesabu kama alivyokuwa akihesabu mzee wa Kigamboni, ukurasa unataka k 58 na trei zote tatu zikikusanywa zina k 31, nyingine tatu zimevunjika miguu. W ninazo 19 nataka 40. E ninazo nyingi mno, anayezitaka aje achukue. Kwahiyo Mhariri ombi langu kwa wasomaji wako ndo hili, kama kuna mtu, shule, parokia, kiwanda kilichofungwa, mjane wa fundi chapa, ana trei imekaa stoo anasubiri bei ya skrepa ipande, asiuze kwanza, ukurasa wako ukiruhusu alete habari hapo ofisini kwako nami nitapita kuuliza kila Jumatatu. Nalipa zaidi ya mwenye mkokoteni. Hata k moja moja napokea, mradi iwe pointi 12 na iwe imesimama kimo chake.

Wako msomaji,
Fundi mstaafu wa risasi,
Muheza, Tanga